Chungu cha Kuoshea Vibao

Vijana mnaoshika chaki baada yangu mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, tena mmeomba kwa adabu, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Nawaonya mapema: vyeo sitavisimulia, maana vyangu vilikuja vikiwa vimechoka na safari, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawasimulia habari ya chungu. Anayetaka kujua namna ya kuwa mkaguzi akamuulize mkaguzi.

Wadachi walinileta Chumbi nikiwa kijana wa ndevu za kuhesabika, nimetoka shule ya serikali huko pwani ya kaskazini. Nilikuwa na kanzu nyeupe, viatu vilivyoniuma, na sanduku la mali ya shule: ubao mweusi wa vipande viwili, chaki, vibao vya mawe ishirini vya kuandikia watoto, kengele, na picha ya Kaizari. Ule ubao ulipinda kwa unyevu wa bondeni kabla sijamaliza mwezi. Vipande vyake havikukutana tena, na neno refu likawa linakatika katikati, watoto wakazoea kusoma kwa kuruka ufa. Picha ya Kaizari ililiwa na mchwa kuanzia kwenye buti kwenda juu. Kilichodumu ni kengele.

Siku ya kwanza nilipata wanafunzi tisa. Bwana Mkubwa wa bomani alikuwa ameamuru kila jumbe atoe mtoto wake asome, na kila jumbe akamtoa yule ambaye kukosekana kwake nyumbani hakutamuuma sana: mpwa mtundu, yatima, mtoto wa mke aliyeachwa. Mmoja, Salumu, alikuwa na ndevu kunishinda mimi. Basi hao waliotupwa kwangu ndio wanafunzi bora niliowahi kuwafundisha, na sisemi hivyo kwa kuwapamba.

Nilichora A kubwa ubaoni, nikageuka kwa mbwembwe, nikasema, "Hii inaitwa A."

Salumu akakohoa kidogo. "Mwalimu, samahani. Sisi kusoma tunajua. Hii yako tu ndiyo inaanzia upande mwingine."

Lo! Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Huko nilikotoka tuliambiwa tunakwenda kuwatoa watu gizani, na hawa walikuwa na taa yao siku nyingi. Wote tisa walikuwa wamepitia chuo cha Kurani cha Bibi Mwanahawa, ng'ambo ya uwanja wa shule, na wengine walikuwa wanaendelea kwenda kwake asubuhi kabla hawajaja kwangu.

Niseme habari za huyu bibi, maana kila ninachokijua cha kazi hii nilikipata kwake, na chuo cha walimu kilinipa vilivyobaki. Alikuwa mzee mwembamba, mjane, sauti ya chini. Alikaa barazani kwake juu ya mkeka akisuka ukili, na mbele yake watoto kama thelathini, wake kwa waume, kila mmoja anasoma mahali pake kwa sauti. Huyu yuko kwenye herufi, yule yuko katikati ya msahafu, kelele tupu. Mimi nilisikia mvumo tu. Yeye, macho kwenye ukili, ghafla anaita, "Zuhura, rudi nyuma, umemeza neno." Na kweli Zuhura kameza neno. Nilijaribu mbinu hiyo darasani kwangu na watoto watatu tu, nikapata kizunguzungu. Mpaka leo sijamwona mwalimu mwenye sikio lile.

Kosa langu la kwanza lilikuja siku ileile ya kwanza. Muda wa kuondoka ulipofika nikawaonyesha namna ya kufuta vibao, kama tulivyofanya sote huko shuleni kwetu: nikatema mate juu ya kibao, nikapangusa kwa kiwiko. Watoto wakanitazama kana kwamba nimempiga mama yangu. Mmoja akaweka kibao chini taratibu, akatoka. Kesho yake nikapiga kengele, nikapiga, nikapiga, hakuja hata mmoja. Siku ya tatu jumbe wa Chumbi akaniambia, "Mimi hapa sina neno. Nenda kwa bibi."

Nikaenda. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu wa kengele. Kaa." Akaendelea kusuka. "Nasikia umetemea mate maandiko."

"Bibi, zilikuwa hesabu tu. Tatu na nne ni saba. Si aya za Mungu zile."

"Ehe. Na tatu na nne kaziumba nani?"

Nilikuwa na cheti chenye muhuri, jama, nikasogea mkekani kama mtoto wa herufi. Akanieleza desturi yake. Chuoni kwake mtoto aliandika kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi, na akishahifadhi, anauosha juu ya chungu, na maji yale humwagwa mahali pasipokanyagwa na mguu. Akaniambia nitafute chungu, na akanipa sharti moja: mtoto asifute asichokisoma. Kwanza asome kwa sauti alichoandika, tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo aoshe.

Nikanunua chungu cha mdomo mpana, nikachimba kishimo nyuma ya shule, nikakizungushia ua wa fito. Moyoni nilicheka, niseme kweli. Nilijitia kuwapa watu wa bonde nafasi ya kuzoea mambo mapya. Lakini wiki mbili hazikupita nikaona jambo. Mtoto akisimama mbele ya chungu na kibao chake, akilazimika kusoma kabla ya kuosha, anaona makosa yake mwenyewe. "Ah, nimeruka sita," anasema, anarudi kukaa, anarekebisha, anakuja tena. Mimi sijafungua mdomo. Wenzangu huko kaskazini walikuwa wanasahihisha mpaka mikono inakufa ganzi, mimi nasahihishiwa na maji. Tangu siku ile sikuona tena cha kucheka.

Mambo mengine ya shule hayakuwa na busara hiyo. Tulifundishwa wimbo wa sikukuu ya Kaizari kwa Kidachi, na hakuna aliyejua maana yake, mimi nikiwa wa kwanza. Bwana Mkubwa alipokuja kukagua na watoto wakauimba, machozi yalimlengalenga. Akaandika kwamba elimu inasonga mbele. Baada ya hapo Akida, aliyesimamia vijiji vyetu kwa niaba ya boma, akaamua kwamba hesabu zitafundishwa kwa jembe, tukapewa shamba la pamba. Asubuhi nzima watoto wanapalilia, jua likikaza ndipo wanarudi kujifunza kugawanya. Bibi Mwanahawa peke yake ndiye aliyekataa kuwatoa watoto wa chuo chake. Alimwambia Akida, mbele za watu, "Asubuhi ni ya kusoma. Pamba haina haraka, wala haitakufa mjinga." Watu walicheka, na Akida hakusahau.

Sasa nakuja penye aibu yangu. Kila mwezi nilipeleka ripoti bomani, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri na nadhifu. Kila mtu alinisifia, nami nikasifika. Nilikuwa na sahihi ya madaha, S yenye mkia unaozunguka chini ya jina zima na kurudi. Ripoti za wenzangu zilikuwa kavu: watoto kadhaa, chaki kadhaa, basi. Mimi nikataka Bwana aone kwamba Chumbi yuko mtu mwenye macho. Nikaandika habari za chungu. Nikaziandika kwa ufasaha, nikazitia chumvi, nikaweka sahihi, nikapeleka, nikasahau.

Miezi michache baadaye watu waling'oa pamba huko kwenye milima ya Umatumbi. Vita vikawaka. Mnajua habari zenyewe, wazee wenu wamewasimulia: ile dawa ya maji iliyosemwa kuwa inageuza risasi, watu wananyunyiziwa na kunywa, wanakwenda vitani. Bomani wakaingiwa na hofu ya maji yoyote yaliyowekwa kwenye chombo. Aliyekutwa na dawa alinyongwa, wala haikuchukua siku mbili. Kwetu njia zikawa tupu, watoto wa milimani wakatoweka darasani, nami nikaendelea kupiga kengele kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Walikuja asubuhi. Bwana mmoja wa kijeshi, Akida, askari kumi na ushei, na shaushi wao, yaani mkubwa wa askari, Msudani mrefu mwenye makovu mashavuni. Katikati yao alikuwa Bibi Mwanahawa, kafungwa kamba shingoni kama mbuzi wa mnadani. Watoto wa chuo walifuata nyuma wanalia. Wakaingia naye darasani kwangu, wakaweka chungu juu ya meza, kina maji ya jana ya rangi ya kijivu, na Bwana akafungua mkoba wa ngozi akatoa karatasi. Niliitambua kabla hajaifungua. Niliona mkia wa ile S.

Alijua Kiswahili vizuri. Akasoma: "Kila alasiri watoto wote hukusanyika mbele ya chungu na kunena maneno kwa sauti, kisha hutumia maji, na maji hayo huhifadhiwa mahali pa siri pasipokanyagwa. Hiyo ni amri ya Bibi Mwanahawa, ambaye watu hapa humtii kuliko Jumbe." Akaniangalia. "Mwandiko wako?"

"Wangu, Bwana."

"Maneno gani haya wanayonena?"

"Bwana, wanasoma vibao. Wanaviosha. Ni maji ya kuoshea vibao tu."

Akida akacheka. "Vibao hufutwa kwa mate. Nani asiyejua?"

Bwana akaishika ile karatasi karibu na macho, akaipitia mstari kwa mstari kwa kidole. "Vibao," akasema. "Nionyeshe hapa neno vibao."

Nikatazama. Wallahi halikuwemo. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa wazi mno, na sikuona haja ya kuliandika. Nilikuwa nimeweka "hukusanyika," nimeweka "pa siri" kwa kuwa lilisikika vizuri, nimemsifia bibi mpaka akawa mfalme, na vibao nikavisahau.

"Na amri hii ni ya nani?" akauliza. "Yako au ya huyu?"

Ningeweza kusema ni yangu. Shule ilikuwa yangu, chungu nilinunua mimi, kishimo nilichimba kwa mikono hii. Nikasema, "Ni desturi ya bibi."

Sijapata kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile. Yeye hata hakunigeukia. Alisema tu, kwa sauti ileile ya barazani, "Kweli. Nimemfundisha mimi. Na dawa ya risasi sina, Bwana. Ningekuwa nayo ningempa Akida, maana tangu juzi halali kwa woga." Askari mmoja akaficha kicheko kwenye bega. Bwana hakucheka. Alimwamuru shaushi akivunje chungu pale pale, kisha bibi apelekwe bomani. Sote tulijua wanaopelekwa bomani hawarudi.

Shaushi akakichukua chungu, akakitazama ndani, akakibeba mpaka mlangoni. Akasimama. "Hapa, Effendi?"

"Hapo hapo!"

Akakiweka kizingitini, akakipiga kwa kitako cha bunduki. Maji yakaenea mlangoni kote. Bwana akaamuru watoke, na hapo ndipo nilipoona nisichotarajia. Shaushi akarudi nyuma hatua tatu, akaruka yale maji kwa miguu yote miwili, na buti zake, na mkanda wake wa risasi. Askari wa pili akaruka. Wa tatu alikuwa mnene, akapima kwa macho, akaona hawezi, akapitia dirishani. Wa nne akamfuata dirishani.

Bwana aliduwaa. "Shaushi! Na wewe unaogopa maji ya waasi?"

Shaushi akasimama wima huko nje, mkono kwenye kofia. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Si maji ya waasi, Effendi. Ni maji ya chuo. Kwetu, nilipokuwa mdogo, tuliosha mbao hivihivi, na mwalimu wangu alinichapa siku niliyokanyaga." Kisha akaongeza, "Alikuwa mwalimu mzuri."

Bwana akawatazama askari wake waliokuwa wanachungulia dirishani. Akamtazama yule bibi. Akainama, akachukua kigae kilichokuwa na tope la kalamu ya mawe chini yake, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa. Nadhani hata yeye aliona ni tope la hesabu. "Mfungueni," akasema. Akaamuru chuo kifungwe mpaka vita viishe, na chungu kisiwepo tena. Halafu akaitupa ile ripoti juu ya meza yangu. "Andika upya. Mara hii andika ulichokiona."

Walipoondoka Bibi Mwanahawa alikaa kwenye benchi la wanafunzi, akaomba maji ya kunywa. Alama ya kamba ilikuwa imemvimba shingoni. Nikapiga magoti mbele yake nikaanza kuomba radhi, naye akaniinulia mkono ninyamaze. Watoto wa chuo na wa shule walikuwa wamejaa mlangoni.

"Hiyo karatasi," akasema, "mimi herufi zenu sizijui. Isome."

"Bibi, nionee huruma."

"Isome. Kwa sauti. Tangu mwanzo."

Nikasoma mbele ya wanafunzi wangu wote. Nilipofika kwenye jina lake nikalimeza, akanirudisha nyuma, nikalisoma, nikamaliza. Akawageukia watoto. "Haya, kimepungua nini?"

Zuhura, yule mmeza maneno, akanyoosha kidole. "Vibao, bibi."

"Umesikia, mwalimu? Sasa nenda ukaoshe."

Nikaenda nyuma ya shule na kata ya maji, watoto wananifuata. Nikaikunjua karatasi juu ya kishimo, nikamimina, nikapangusa kwa vidole, wino ukateremka wa buluu, mstari baada ya mstari. Lakini wino wa serikali ulikuwa mzuri kuliko wa masizi, haukutoka wote.

Yaliyofuata sina maneno nayo mengi. Vita vilipokwisha ilikuja njaa, maana mashamba na maghala yalikuwa yamechomwa. Bibi alifungua tena chuo akiwa na watoto wanane, akawafundisha akiwa hana nguvu ya kusuka, na chakula kidogo alicholetewa alikigawa kwao. Alifariki kabla ya mavuno. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na Salumu mwenye ndevu alisoma dua pasipo kumeza neno. Nilimpenda yule mama, na sikupata kumwambia.

Nimefundisha tangu hapo miaka thelathini na ushei, chini ya Wadachi kisha Waingereza, Ikwiriri, Nyamwage, mwisho Kibiti. Kila shule niliyopita niliacha chungu na kishimo chenye ua. Wakaguzi walisema ni uchafu, nikawaambia ndiyo, nikaendelea. Na kila nilipotakiwa kuandika habari za mtu, mwalimu mwenzangu au mwanafunzi, nilimwita akae, nikamsomea yote kabla ya kutia sahihi, nikamwuliza kimepungua nini. Mmoja alinitukana. Wengi walinitajia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kwa kuwa lilikuwa wazi mno kwangu. Kazi ilichelewa, na barua za kuhimizwa ninazo tele. Kama kuna jambo moja nataka mlichukue kwangu, chukueni hilo, mengine yamo vitabuni.

Ile karatasi ninayo. Nilistaafu Ijumaa, mkanipa saa na hotuba ndefu, ahsanteni. Jumamosi asubuhi nikaitoa sandukuni, nikateka maji, nikaenda uani. Maneno yake hayaonekani tena, lakini nayajua kwa moyo, kwa hiyo niliyasoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, nikaongeza vibao mahali pake. Kisha nikaiosha kama ninavyoiosha kila mwaka. "Hukusanyika" limekwenda, "pa siri" limekwenda, jina la bibi limekwenda zamani. Sahihi yangu ipo yote, na mkia wake.